Namna Benki Kuu inavyousaidia uchumi kusimama tena

Na Mwandishi Wetu

MEI 2020, wakati ndege za abiria kutoka nje zikiwa zimesimamishwa kutua nchini na hoteli za Arusha na Zanzibar zikiwa hazina wageni, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza hatua tano za kuukinga uchumi dhidi ya athari za ugonjwa wa UVIKO-19. Tangazo hilo halikuwa na fedha za kugawa. Halikutaja msaada kwa wenye hoteli wala ruzuku kwa madereva wa watalii. Lilizungumzia asilimia za amana, riba ambayo Benki Kuu huyatoza mabenki, na thamani ya dhamana za serikali, mambo ambayo wasomaji wengi wa magazeti huyapita haraka wakielekea kurasa za michezo.

Lakini ndani ya asilimia hizo ndimo ilimokuwa hatima ya biashara nyingi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 idadi hiyo ikaporomoka hadi 620,867. Aliyekuwa amekopa kununua magari ya kupeleka wageni Serengeti alibaki na magari, hana wageni, na tarehe ya marejesho ya mkopo haikungoja ugonjwa upite. Swali lililokuwa mbele ya Benki Kuu ni la zamani kama taasisi zenyewe za aina hiyo: namna gani chombo kisichomkopesha mwananchi moja kwa moja kinaweza kumzuia mwananchi huyo asifilisike?

Jibu huanzia katika kile kinachoitwa sera ya fedha. Serikali inayo bajeti, na kwa bajeti hiyo inaweza kujenga barabara, kupunguza kodi au kuajiri walimu. Benki Kuu haina mamlaka ya mambo hayo. Iliyonayo ni uwezo wa kuamua wingi wa fedha katika mzunguko pamoja na bei ya fedha hizo, ambayo ndiyo riba. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 inalitaja jukumu lake kuu kuwa ni kudumisha utulivu wa bei, ili uchumi upate mazingira ya kukua. Kwa hiyo BoT, iliyoanza kazi Juni 14, 1966 ikiongozwa na Gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei, haina ruhusa ya kumwaga fedha ovyo hata pale uchumi unapolia. Inapaswa kuinua uchumi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishika breki ya mfumuko wa bei.

Uchumi unapoyumba, tatizo la kwanza ni wateja kupungua. La pili, ambalo mara nyingi ndilo linaloua, ni hofu. Mabenki yakiona wadaiwa wachache wameanza kuchelewa, huwatilia shaka hata wale ambao hawajachelewa. Hufunga mikopo mipya, huharakisha kudai ya zamani, na fedha zilizopo huzifungia mahali salama. Mwenye kiwanda ambaye biashara yake ingali nzima hukosa fedha za kununulia malighafi, hupunguza wafanyakazi, na wafanyakazi hao hupunguza matumizi madukani. Mnyororo huo ukiachwa, tatizo la sekta moja huwa tatizo la nchi nzima. Kazi ya Benki Kuu ni kuukata mapema.

Chombo chake cha kwanza ni amana za kisheria. Kila benki inayopokea amana za wateja hulazimika kuweka sehemu ya amana hizo Benki Kuu, nazo haziruhusiwi kukopeshwa. Kabla ya Juni 2020 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 7, na kuanzia Juni 8 mwaka huo ikashushwa hadi asilimia 6. Pungufu ya asilimia moja haionekani kubwa, lakini benki yenye amana za Sh100 bilioni, ambayo ilikuwa ikiweka Sh7 bilioni, sasa iliweka Sh6 bilioni, na Sh1 bilioni iliyobaki ikawa huru kukopeshwa. Fedha hizo zikikopeshwa mwenye duka, naye akamlipa msambazaji wake wa saruji, msambazaji huziweka katika benki nyingine, nayo hupata cha kukopesha. Shilingi moja iliyoachiwa juu huzaa zaidi ya shilingi moja chini, mradi tu kila aliye njiani akubali kuipitisha. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye kisa kirefu, nacho kitaelezwa baadaye.

Chombo cha pili ni riba ambayo benki hutozwa inapokwenda Benki Kuu kukopa kwa sababu imepungukiwa. Mei 2020 riba hiyo ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi asilimia 5. Benki ikijua kwamba siku ikibanwa itapata fedha kwa bei nafuu, haina sababu ya kurundika akiba ya kujihami.

Hatua ya tatu ilikuwa ya kitaalamu zaidi, na pengine ndiyo iliyoeleweka kidogo kuliko zote. Benki inayokopa Benki Kuu huweka rehani, na rehani inayokubalika ni dhamana za serikali. Benki Kuu haikopeshi thamani yote ya rehani hiyo, bali hukata sehemu ili kujilinda. Kwa hatifungani za muda mrefu sehemu iliyokatwa ilikuwa asilimia 40, ikapunguzwa hadi asilimia 20. Kwa dhamana za muda mfupi ilikuwa asilimia 10, ikawa asilimia 5. Maana yake ni kwamba benki yenye hatifungani ya thamani ya Sh100 milioni, ambayo awali ingeweza kukopa Sh60 milioni tu, sasa iliweza kukopa Sh80 milioni kwa karatasi ileile.

Hatua ya nne ndiyo iliyomgusa moja kwa moja mwenye deni. Kwa kawaida, mkopo usiolipwa kwa zaidi ya siku 90 huingia katika kundi la mikopo chechefu, na benki hulazimika kutenga fedha kwa ajili ya hasara inayoweza kutokea. Ndiyo maana ofisa mikopo, hata akiwa na huruma, huwa hana nafasi ya kusubiri. BoT iliahidi kuyalegezea masharti mabenki ambayo yangekaa na wateja walioathirika na kupanga upya marejesho yao kwa uwazi na bila upendeleo. Kwa mwenye hoteli, muda huo wa kupumua ulikuwa na thamani kuliko mkopo mpya. Mkopo mpya unakwenda kwa mtu mwenye wateja, na yeye hakuwa nao.

Ya tano iliwahusu watu wengi zaidi kuliko nne za kwanza zikijumlishwa. Kiwango cha juu cha miamala ya fedha kwa simu za mkononi kwa siku kilipandishwa kutoka Sh3 milioni hadi Sh5 milioni, na salio ambalo mteja anaruhusiwa kubaki nalo likapanda kutoka Sh5 milioni hadi Sh10 milioni. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano wa watu katika kumbi za mabenki, lakini kwa mfanyabiashara wa mazao anayelipa wakulima vijijini, mabadiliko hayo yalikuwa nyenzo ya kazi. Vitabu vingi vya uchumi vinavyoeleza sera ya fedha havina sura inayohusu simu ya mkononi. Katika nchi ambayo watu wengi hawajawahi kuomba mkopo benki, sura hiyo ilipaswa kuwapo.

Nchini Kenya hatua zilifuata mkondo unaofanana. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilishusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 8.25 hadi asilimia 7.25, na mwezi uliofuata hadi asilimia 7. Amana za kisheria zilipunguzwa kutoka asilimia 5.25 hadi asilimia 4.25, hatua iliyoachia Sh35.2 bilioni za Kenya kwa ajili ya kuwasaidia wakopaji walioathirika.

Sasa kile kisa kirefu. Benki Kuu inaweza kufungua bomba, lakini wanaobeba ndoo ni mabenki ya biashara, nayo hayalazimiki kuzibeba. Tanzania ililiona hilo miaka mitatu kabla ya UVIKO-19. Mwaka 2015 mikopo kwa sekta binafsi ilikua kwa karibu asilimia 25. Kisha mambo yakabadilika: fedha za taasisi za serikali ziliondolewa katika mabenki ya biashara na kupelekwa Benki Kuu, na wadaiwa wengi wakashindwa kulipa. Mwaka 2017 mikopo chechefu ilikuwa imevuka asilimia 10 ya mikopo yote, wakati kiwango ambacho BoT hukiona kuwa cha kuvumilika ni asilimia 5.

Benki Kuu haikukaa kimya. Machi 2017 ilishusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 16 hadi asilimia 12, Agosti mwaka huohuo ikaishusha hadi asilimia 9, na Agosti 2018 hadi asilimia 7. Amana za kisheria zilipunguzwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 8 mwezi Aprili 2017. Kwa vipimo vya sera ya fedha, huo ulikuwa ulegezaji mkubwa. Pamoja na hayo, mwaka 2017 ulimalizika mikopo kwa sekta binafsi ikiwa imekua kwa chini ya asilimia 2. Ukwasi ulikuwapo, imani haikuwapo. Mabenki yalikuwa yakiuguza majeraha ya mikopo ya zamani na hayakuwa tayari kujiumiza upya, na palikuwa na njia rahisi zaidi ya kupata faida, nayo ni kuikopesha serikali.

Hatifungani ya serikali haichelewi kulipa, haihitaji ofisa wa kwenda kuikagua, na kwa miaka mingi imelipa vizuri. Ile ya miaka 25, ilipoanza kuuzwa mwaka 2021, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mkurugenzi wa benki akiwekewa mezani asilimia 15.95 zisizo na wasiwasi, na pembeni yake ombi la mwenye mashine ya kusaga anayetaka kukopa kwa asilimia 17, uamuzi wake hauhitaji mjadala mrefu. Mwaka 2022 riba ya hatifungani hiyo ilishushwa hadi asilimia 12.56, kabla ya kupanda tena baadaye. Wanaoyalaumu mabenki kwa ubahili huisahau mara nyingi hesabu hii, na wanaoitegemea Benki Kuu pekee kushusha riba husahau kwamba mkopaji mkubwa kuliko wote sokoni ni Hazina.

Baada ya hatua za Mei 2020 dalili zilikuwa hizohizo. Uchumi haukuzama. Ukuaji ulishuka kutoka takriban asilimia 7 mwaka 2019 hadi asilimia 4.8 mwaka 2020, ingawa Zanzibar, ambayo maisha yake yameshikamana zaidi na utalii, iliporomoka hadi asilimia 1.3. Mfumuko wa bei ulibaki chini ya asilimia 4, hivyo nafasi ya kulegeza ilikuwapo. Mikopo kwa sekta binafsi, hata hivyo, iliendelea kusuasua, na wastani wa riba kwa wakopaji ulibaki kati ya asilimia 16 na 17, kana kwamba tangazo la Mei halikuwahi kutolewa.

Julai 2021 BoT ikabadili mbinu. Badala ya kuongeza fedha na kuomba ziende panapostahili, ilizifunga masharti. Ilitenga Sh1 trilioni kwa ajili ya kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, kwa makubaliano kwamba nayo yataikopesha sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10. Benki iliyokopesha kilimo kwa riba isiyozidi kiwango hicho ilipewa nafuu katika amana za kisheria inayolingana na mikopo iliyotoa, na hivyo fedha ambazo zingelala Benki Kuu zikaruhusiwa kwenda shambani. Masharti ya kuwa wakala wa benki nayo yalilegezwa kwa kuondoa sharti la uzoefu wa biashara, ili watu wengi zaidi walio mbali na matawi wafikiwe.

Hapo picha ilianza kubadilika. Baadhi ya mabenki makubwa yalitangaza mikopo ya kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, jambo ambalo miaka michache nyuma lingechukuliwa kuwa ahadi ya jukwaani. Mwaka 2022 ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulivuka asilimia 20, na mikopo ya kilimo ikawa miongoni mwa iliyokua kwa kasi kubwa zaidi. Mikopo chechefu ilishuka, na mwaka 2023 ikawa chini ya ile asilimia 5. Si haki kuipa Benki Kuu sifa zote za mabadiliko hayo. Watalii walirejea, bei za baadhi ya bidhaa zinazouzwa nje zilikuwa nzuri, na serikali ilitumia Sh1.3 trilioni zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kujenga madarasa, vituo vya afya na miradi ya maji. Mabenki yalipoona wateja wana kazi, yalipata sababu ya kukopesha, na fedha nafuu za Benki Kuu zikapata pa kwenda.

Hali hiyo inafanana na iliyotokea wakati wa msukosuko wa fedha duniani. Mwaka 2009 bei ya pamba ilikuwa imeanguka katika soko la dunia, wanunuzi walikuwa wamebaki na marobota yasiyorudisha gharama, na ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulikuwa ukishuka kutoka zaidi ya asilimia 40 mwaka 2008 hadi takriban asilimia 10 mwishoni mwa 2009. Juni mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa takriban Sh1.7 trilioni wa kuunusuru uchumi, uliojumuisha kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kudhamini mikopo yao ili irejeshwe kwa muda mrefu zaidi. Serikali ilibeba hatari ambayo mabenki yalikataa kuibeba, kwa sababu ukwasi peke yake usingeyafanya yafungue mikono.

Wapo wanaouliza kwa nini serikali isitunge sheria ya kuweka kikomo cha riba, jambo likaisha. Kenya ilijaribu. Kuanzia Septemba 2016 sheria iliyazuia mabenki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Wateja wakubwa walifurahi, lakini wafanyabiashara wadogo, ambao benki huwaona kuwa ni wa kubahatisha, walifungiwa mlango, kwa kuwa benki haikuweza tena kuwatoza riba inayolingana na hofu yake. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019.

Ulegezaji nao una gharama zake. Fedha zikizidi bidhaa, bei hupanda, na mwenye mshahara mdogo hulipa gharama hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyingi zikikimbilia kununua dola, shilingi hudhoofika, na nchi inayoagiza mafuta, mbolea na ngano huyaona matokeo yake sokoni muda si mrefu. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei za bidhaa hizo mwaka 2022, mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 4.9 mwishoni mwa mwaka, ukikaribia kikomo cha asilimia 5, na Benki Kuu ikaanza kupunguza kasi ya kuachia ukwasi. Mwaka 2023 ukaja uhaba wa dola, na shilingi ikapoteza takriban asilimia 8 ya thamani yake. Chombo kilichokuwa kikiulizwa mwaka 2020 kwa nini hakitoi fedha zaidi, sasa kilikuwa kikiulizwa kwa nini kimezitoa nyingi.

Katika mazingira hayo, Januari 2024 BoT iliachana na utaratibu wa miaka mingi wa kuongoza sera kwa kupima wingi wa fedha, ikaanza kutumia riba. Riba ya Benki Kuu ilipangwa kuwa asilimia 5.5, Aprili 2024 ikapandishwa hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi asilimia 5.75, safari hii chini ya Gavana Emmanuel Tutuba. Hutangazwa kila robo mwaka baada ya kikao cha Kamati ya Sera ya Fedha.

Tangazo hilo huwachanganya wengi. Mtu anasikia asilimia 5.75, anakwenda benki, anaambiwa asilimia 15, na anatoka akiamini kuwa ameibiwa. Riba ya Benki Kuu si bei ya mkopo wa mwananchi. Huelekeza riba ambayo mabenki hukopeshana yenyewe kwa siku saba, ambayo Benki Kuu huisimamia isitoke nje ya asilimia 2 juu au chini ya kiwango kilichotangazwa, yaani kati ya asilimia 3.75 na 7.75 kwa kiwango cha Julai 2025. Juu ya hapo benki huongeza gharama ya amana inazozitafuta kwa ushindani, gharama za uendeshaji, faida, na kile inachokitenga kwa hofu ya kutolipwa. Sehemu hii ya mwisho hupungua pale taarifa za wakopaji zinapopatikana, hati za viwanja zinapokuwa safi na kesi za madai zinapomalizika kwa wakati, na katika hayo yote hakuna lililo chini ya mamlaka ya Kamati ya Sera ya Fedha. Wastani wa riba kwa wakopaji, uliokuwa kati ya asilimia 16 na 17 wakati wa UVIKO-19, mwaka 2025 ulikuwa umeshuka hadi takriban asilimia 15.